Shamba Darasa: Mgomba Unapokuwa Ubao wa Kufundishia

Kata shina la mgomba wenye mnyauko wa bakteria, kisha subiri dakika chache. Utomvu mzito wa rangi ya njano iliyopauka utaanza kujitokeza kwenye mkato. Pasua na ndizi yake changa: ndani imeiva kabla ya wakati na ina madoa ya kahawia. Mkulima wa Karagwe au Kyerwa aliyeambiwa haya kwenye mkutano wa kijiji anaweza kuyasahau kabla hajafika nyumbani. Aliyeshika panga mwenyewe, akakata na kusubiri pamoja na wenzake, ataukumbuka utomvu ule siku zote.

Ugonjwa huu, wenye asili ya Ethiopia, uligunduliwa Uganda mwaka 2001, na katikati ya muongo huo ukawa umeingia Kagera. Ulikuta wilaya ambazo ndizi ndiyo chakula cha kila siku, na ambako kibanja, yaani migomba, kahawa na maharage vilivyochanganywa kuizunguka nyumba, ndicho urithi wa familia. Hauna dawa ya kunyunyizia. Kinachookoa kibanja ni jicho la mkulima na nidhamu ya mikono yake, na ndiyo maana nimeuchagua kueleza kwa nini shamba darasa lina thamani zaidi kuliko hotuba.

Njia hii ilianzia Indonesia mwaka 1989, kwenye mpunga. Miaka mitatu kabla ya hapo serikali ya nchi hiyo ilikuwa imepiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye zao hilo, baada ya kubainika kwamba dawa ziliwaua buibui na wadudu wengine wanaomsaidia mkulima, huku wadudu waharibifu wakizidi kuongezeka. Wakulima walihitaji kujifunza kumtambua rafiki na adui, na hilo lilitaka waingie majarubani wenyewe. Mwaka 1999 mashirika ya FAO na IFAD yalianzisha mradi wa mashamba darasa katika Kenya, Uganda na Tanzania, na kwa upande wetu ukaanzia mkoani Kagera. Baadaye mradi wa bonde la Mto Kagera, uliounganisha nchi yetu na Uganda, Rwanda na Burundi, ulitumia njia hiyohiyo kufundisha hifadhi ya udongo na maji, na wakulima wa Karagwe na Kyerwa walikuwemo.

Kikundi cha shamba darasa kwa kawaida huwa na watu 20 hadi 30. Hukutana siku ileile ya juma, asubuhi, kwenye shamba ambalo mwenzao amelitoa. Hugawanyika makundi madogo na kuingia mgombani. Wanahesabu majani yaliyo hai, wanapima unene wa shina, wanainua matandazo kuona kama udongo chini yake bado una unyevu, wanakamata wadudu. Kisha wanakaa kivulini na kuchora walichokiona kwenye karatasi kubwa: mgomba katikati, wadudu waharibifu upande mmoja, wanaosaidia upande wa pili, jua au wingu juu, hali ya udongo chini. Mmoja anasimama kueleza mchoro wao, wengine wanamhoji, wakati mwingine kwa ukali. Hawaondoki kabla ya kukubaliana kazi gani ifanyike wiki hiyo.

Afisa ugani hapo ni mwezeshaji. Akiulizwa mdudu fulani ni nani, mwezeshaji mzuri hujibu kwa swali: mmemkuta wapi, na alikuwa anakula nini? Mdudu anatiwa kwenye chupa iliyofunikwa kwa wavu pamoja na jani, na wakikutana tena watakuwa na la kusema kutokana na walichokiona.

Kwenye mnyauko, njia hii imesaidia kujibu swali ambalo amri zilishindwa kulimaliza. Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa kung'oa shina zima, mgomba mama na watoto wake wote, hata walioonekana wazima. Kazi hiyo ni nzito, na inamwachia mkulima shimo tupu mahali palipokuwa na chakula, kwa hiyo wengi waliikwepa. Watafiti walikuja kuonyesha kwamba bakteria hawafiki kila mara kwenye machipukizi yote ya shina moja. Mkulima anayekagua kibanja mara kwa mara anaweza kukata ule mgomba mgonjwa peke yake, usawa wa ardhi, na kuendelea kufuatilia iliyobaki. Lakini ushauri huu unamtaka aitambue dalili mapema na asichoke kukagua, mambo ambayo kipeperushi hakiwezi kumjengea. Ndivyo ilivyo pia kwa ua dume. Huvunjwa kwa kijiti chenye panda mara chane la mwisho linapotokeza, kwa sababu nyuki na wadudu wengine hubeba bakteria kutoka ua hadi ua, na kisu nacho huwabeba kutoka mgomba hadi mgomba. Panga lililokata mgomba mgonjwa hupitishwa motoni au huoshwa kwa jiki.

Nyuki hajui mpaka wa kibanja. Hapo ndipo kikundi kinapolazimika kutoka kwenye kilimo na kuingia kwenye maisha ya kijiji: kukubaliana na majirani wasiohudhuria, kukataa machipukizi yasiyojulikana yalikotoka, kupeleka pendekezo la sheria ndogo kwenye serikali ya kijiji. Waliozoea kukutana kila juma huanza pia kuweka na kukopa. Mara nyingi akiba hiyo ndiyo inayokishikilia kikundi wakati mradi uliokianzisha umeshafunga ofisi.

Utafiti kuhusu mashamba darasa ya Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kipato cha washiriki kimeongezeka kwa asilimia 61 nchi hizo tatu zikichukuliwa pamoja. Walionufaika zaidi ni pamoja na wanawake na watu wenye elimu ndogo ya kusoma na kuandika. Naamini mchoro una sehemu yake hapo: bibi ambaye hakupata nafasi ya kusoma anaweza kuusimamia na kuutetea mbele ya kikundi kizima.

Si kila shamba lenye kibao barabarani ni shamba darasa. Mahali ambapo mtaalamu amepanga kila kitu na wakulima wanaitwa kuja kutazama, hilo ni shamba la maonyesho. Lina faida yake, ila anayetazama tu hajifunzi kuamua.

Kosa hilohilo limeziumiza shule zetu. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba la shule na kuamua matumizi ya mapato yake. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe, tena mara nyingine kama adhabu. Mtoto anayelima tuta asilojua limepandwa nini na kwa nini, anafanya kibarua, na atakua akikichukia kilimo.

Walimu wakuu wa Karagwe na Kyerwa, mvua za vuli zikianza, wapeni wanafunzi matuta mawili ya maharage, moja lenye matandazo na jingine tupu. Wapime, wachore, wabishane, na mavuno yakipatikana wao waamue yatumikeje. Mwiteni afisa ugani wa kata aje kuwasikiliza wakieleza.