Maji Hukauka, Chumvi Hubaki

Mama mwenzangu, je, kuna mtoto nyumbani mwako anayeomba kufuga samaki wa baharini? Mwanangu aliniomba mwaka mzima. Baba yake alipokubali, tulinunua tangi la kioo la lita 100, na baadaye samaki wawili wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Mimi ni muuguzi, nimetundika dripu nyingi wodini. Nilidhani kuchanganya maji ya chumvi hakuwezi kunishinda. Nilikosea.

Chumvi ipi ifaayo?

Maji ya chumvi ya dripu yana gramu 9 za chumvi kwa kila lita. Maji ya bahari yana karibu gramu 35, tena si chumvi ya kawaida peke yake, bali pia magnesi, kalisi na madini mengine. Kwa hiyo chumvi ya jikoni yenye madini joto haifai. Tumia chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya samaki wa baharini.

Huenda ukauliza, "Mbona tusichote maji ufukweni?" Maji ya karibu na mji yanaweza kuwa na mafuta au maji taka, na mvua ikinyesha, mito hupunguza chumvi yake.

Jinsi ya kuchanganya

1. Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko, isiyowahi kutiwa sabuni wala dawa. Ndoo ya chuma haifai.

2. Tia maji kwanza. Maji ya bomba huwa na klorini inayoua samaki, hivyo yatie dawa ya kuiondoa.

3. Ongeza chumvi kidogo kidogo, huku pampu ndogo ikikoroga. Ukimwaga maji juu ya chumvi, kalisi huweza kuganda na maji kuwa meupe. Fuata kipimo cha pakiti. Ndoo ya lita 20 huhitaji karibu gramu 700 hadi 760.

4. Acha maji yakorogwe usiku kucha, kisha pima kwa haidromita. Yakiwa na joto la nyuzi 25 hivi, kipimo kiwe karibu 1.025.

Kamwe usimwage chumvi kavu katika tangi lenye samaki, kwani huwaunguza. Tangi jipya nalo lisubiri wiki kadhaa kabla ya kuwekwa samaki, ili bakteria wanaosafisha uchafu wao wazaliane.

Kosa langu

Hayo yote niliyafuata. Lakini kwa sababu ya joto, tangi letu lilipoteza lita 2 kila siku, nami kila asubuhi nilijaziza kwa maji ya chumvi. Sikukumbuka kwamba maji hukauka lakini chumvi hubaki! Kwa siku 10 niliongeza gramu 700 za chumvi, na kila lita ikafikia gramu 42. Siku ya kumi na moja mwanangu aliniita akilia: samaki mmoja amekufa. Haidromita ilionyesha 1.031.

Nikamwambia ukweli, kwamba kosa ni la mama. Kisha tukaanza kutoa maji kidogo na kutia maji yasiyo na chumvi, kwa siku kadhaa, kwa maana mabadiliko ya ghafla nayo huua. Yule wa pili alipona.

Basi kumbuka: maji yaliyokauka hufidiwa kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi ni ya siku ya kubadilisha maji tu, yaani unapotoa sehemu ya maji ya zamani.

Walinde watoto

Ndoo ifunikwe na iwekwe mbali na wadogo. Mtoto mchanga huweza kuzama ndani ya ndoo. Akinywa maji hayo kwa wingi, figo zake haziwezi kutoa chumvi yote. Anaweza kupata degedege, hivyo mpeleke hospitali upesi. Pia zima umeme kabla ya kuingiza mkono katika tangi.

Siku hizi mwanangu ndiye anayepima, nami husoma kipimo baada yake. Wodini pia hatumtundikii mgonjwa dripu kabla ya wauguzi wawili kuisoma chupa. Fanya hivyo nawe nyumbani, mama, kabla ya kumimina.