Kuweka Picha za Kufundishia katika Fremu

Picha ya kale ambayo filamu yake imepotea haina ya pili. Hata hivyo, walimu wengi huibandika kwa gundi au selotepu, ambazo huitia madoa. Sisi twashauri picha ishikwe kwa pembe nne za karatasi, zilizogundishwa kwenye kadibodi ya nyuma, si kwenye picha yenyewe. Juu yake iwekwe kadibodi iliyokatwa dirisha, ili kioo kisiiguse. Kwani penye unyevu utando wa jelatini ulio usoni mwa picha hulainika na kunata kiooni. Kadibodi ya maboksi isitumike: asidi yake huifanya picha iwe ya manjano. Fremu itundikwe mbali na jua. Wanachuo wajizoeze kwanza kwa picha isiyo na thamani.