Mbuzi wa Sagalla Atazamwe Machoni

Katika nyanda zilizo chini ya mlima Sagalla, kusini mwa mji wa Voi, mahindi si mali ya kutegemewa. Mvua ikikosekana hukauka. Ikinyesha, ndovu wa Tsavo huyawahi kabla ya mwenyewe, ijapokuwa baadhi ya wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki. Ndiyo sababu karo ya watoto wengi hapa hutembea kwa miguu minne.

Hata hivyo, ni nadra mbuzi huyo kutazamwe kwa makini kabla ya siku ya kuuzwa. Akifa, twasema amekufa ghafla, ilhali aghalabu alikuwa mgonjwa kwa majuma kadhaa.

Chukua mfano wa mnyoo anyonyaye damu tumboni mwa mbuzi. Mmoja huweza kunyonya takriban mililita 0.05 kwa siku. Elfu moja watanyonya mililita 50. Mbuzi huyo haharishi, na hula kama kawaida. Dalili imo jichoni: utando wa ndani wa kope ya chini hupauka, kutoka wekundu hadi weupe wa karatasi. Huko Afrika Kusini, daktari wa mifugo Faffa Malan alibuni kadi ya rangi tano, Famacha, inayomwezesha hata asiyejua kusoma kuamua ni mbuzi yupi apewe dawa. Ama kuwanywesha zizi zima kila mara, na kwa kipimo cha kubahatisha, ni kuwafunza minyoo kuizoea dawa. Kupauka huko huweza pia kuletwa na kupe, kwa hivyo ngozi nayo ikaguliwe.

Jicho pekee halitoshi. Wafugaji wa alpaka katika milima ya Peru hawadanganywi na manyoya mazito ya mnyama wao. Hupitisha mkono mgongoni wapate kuhisi mifupa. Mbuzi wetu hana manyoya hayo, lakini tumbo lililojaa majani makavu hudanganya vilevile.

Kikohozi nacho kisipuuzwe. Joto la mbuzi mzima huwa kati ya digrii 38.5 na 40. Akizidi hapo, akikohoa na kuhema, huenda ikawa homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo vijidudu vyake vilitengwa kwa mara ya kwanza papa hapa Kenya mwaka 1976. Chanjo yake hutengenezwa nchini na KEVEVAPI. Mwenye kungoja mbuzi wa tatu aanze kukohoa ndipo amwite daktari amechelewa mno.

Walimu wenzangu, watoto ndio wachungao jioni na mwisho wa juma. Kwa nini basi somo la kilimo liishie ubaoni? Kila mwanafunzi na achague mbuzi mmoja wa kwao, na kila Jumamosi aandike daftarini rangi ya kope, hali ya mgongo, kikohozi, na tarehe ya dawa ya mwisho. Daktari wa mifugo afikapo kijijini, ambako hafiki mara nyingi, daftari hilo litampa habari ambazo mbuzi mwenyewe hawezi kuzisema.