Mwimbaji akitaka kuigiza, nani anamlipa?

Ukishika barabara ya M1 kutoka Lilongwe kwenda Kasungu, unapita Mponela, mji wa soko katika wilaya ya Dowa. Katika miji ya soko kama huu, kibanda chenye kompyuta moja na spika moja kinatosha kuwa duka la sanaa: unaleta flash, unajaziwa nyimbo na filamu kwa kwacha chache, unaondoka. Mwenye kibanda kapata, mteja kapata, msanii hana chake. Chama cha hakimiliki cha Malawi, COSOMA, kimepambana na biashara hiyo kwa miaka mingi, lakini mteja hajaacha kuja na flash yake.

Ndiyo maana safari ya kijana wa China Jackson Yee, kutoka kuimba hadi kuigiza, haiwezi kunakiliwa hapa hivihivi. Alianza na TFBOYS, kundi la vijana watatu lililozinduliwa mwaka 2013, yeye akiwa na miaka 12. Mwaka 2018 aliingia chuo cha maigizo cha Beijing, na mwaka uliofuata akaigiza muhuni wa mtaani katika Better Days, filamu iliyoingiza zaidi ya yuani bilioni 1.5 nchini China. Tuzo za Filamu za Hong Kong zikamtangaza mwigizaji mpya bora mwaka 2020.

Wengi huisimulia habari hii kama hadithi ya kipaji na bidii. Mhasibu angeisoma tofauti. Mwaka 2021 mashabiki wa shindano moja la kusaka nyota wa kuimba nchini China walinunua maziwa kwa wingi ili wapate misimbo ya kura iliyofichwa kwenye vifuniko, na maziwa yenyewe yakaishia mtaroni. Septemba mwaka huo serikali ikapiga marufuku mashindano ya aina hiyo. Waliokuwa wakitegemea mifuko ya mashabiki wakabanwa. Aliyekwisha kujijenga kwenye filamu hakutetereka. Mwaka huohuo Yee alikuwa ndani ya The Battle at Lake Changjin, iliyoingiza zaidi ya yuani bilioni 5.7. Alihama soko moja kwenda jingine, na soko lile lilikuwa linalipa.

Malawi nayo ina mfano wake. Lily Banda alijulikana kwa kuimba. Mwongozaji Chiwetel Ejiofor alipokuja kupiga filamu ya The Boy Who Harnessed the Wind huko Wimbe, Kasungu, mbele ya Mponela, alimpa nafasi ya Annie, dada wa mhusika mkuu, William Kamkwamba. Netflix iliitoa Machi 2019, na mwaka huohuo Banda akaonekana katika tamthilia ya kijasusi ya Deep State. Jina lilikua, lakini tasnia ya nyumbani haikukua nalo. Fedha zilitoka nje, hata mtoto aliyeigiza Kamkwamba, Maxwell Simba, alitoka Kenya, na Uingereza ndiyo iliyoiwasilisha filamu kwenye Oscar. Mradi wa ukubwa ule hauji kila msimu wa mavuno.

Kenya imekaribia zaidi. Sanaipei Tande, mzaliwa wa Mombasa, aliibuka kupitia shindano la Coca-Cola Popstars, akaimba na kundi la Sema, na baadaye akawa nguzo ya tamthilia ya Kina iliyoanza mwaka 2020. Nyuma yake kuna televisheni ya kulipia yenye njaa ya vipindi vipya, na njaa hiyo ndiyo inayomfanya mwigizaji awe na mshahara badala ya bahati. Tanzania watu walipita njia hiyo kinyumenyume: Shilole na Snura walitoka kwenye filamu wakaenda kwenye muziki. Soko la DVD lilipoporomoka, shoo ndiyo iliyobaki na fedha taslimu mlangoni.

Sasa Dzaleka, humuhumu Dowa. Kambi hii ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu kama 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, na Kiswahili ni lugha ya sokoni. Mwaka 2014 Menes La Plume, mshairi na mwanamuziki Mkongo, alianzisha Tamasha la Tumaini. Watu hutoka Lilongwe kuja kutazama muziki, ngoma na maigizo. Kiingilio hakuna, hivyo fedha huingia kwa mama muuza chakula na kwa familia inayompa mgeni kitanda. Faida ni ya kweli, ila ni ya siku chache.

Msanii wa kambini akipata nafasi mjini, kikwazo cha kwanza ni ruhusa. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti kuhusu ajira na uhuru wa kutembea, na mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini waliamriwa kurudi kambini.

Kwa maoni yangu, kazi ya uigizaji iliyo karibu zaidi na Dzaleka ni ya sauti, wala si ya kamera. Mwaka 2011 TBC ya Tanzania ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Mwaka 2016 kampuni ya televisheni ya Kichina, StarTimes, iliendesha shindano Tanzania kutafuta waingiza sauti, na washindi wakaenda kufanya kazi Beijing. Kazi hiyo haidai mavazi wala seti: chumba kisicho na mwangwi, maikrofoni, na mtu anayejua kugombana na mkwe kwa Kiswahili kinachoaminika. Lafudhi ya Kikongo huenda ikamkera mhariri wa Dar es Salaam, lakini Goma, Bukavu na Lubumbashi pia kuna watazamaji.

Inafanyika bila mtu kutoka getini. Kigumu ni karatasi: mkimbizi ataandikwaje kwenye mkataba wakati ajira yake ina masharti, na malipo ya nje yatapita benki gani hadi yafike Dowa. Majibu yako Wizara ya Usalama wa Ndani na Benki Kuu, si kwa waongozaji filamu.