Kabla ya Kubadilisha Gari: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Gari Lililotumika

Gari linapozeeka halimwachi mwenyewe ghafla. Huanza kwa kudai kidogo kidogo: mwezi huu rejeta, mwezi ujao shokapu, kisha giaboksi. Siku moja, likiwa limezimika kando ya barabara, mwenyewe huamua kwamba sasa yatosha. Uamuzi huo mara nyingi hufanywa kwa hasira, na ununuzi unaofuata hufanywa kwa haraka. Hapo ndipo mlaji hupoteza. Huondokana na gari ambalo kasoro zake anazijua, akachukua jingine ambalo kasoro zake bado hazijamfikia.

Kwa familia nyingi gari ni miongoni mwa mali za thamani kubwa kabisa zitakazowahi kununuliwa, na fedha zinazolilipia ni akiba ya miaka. Makala haya yanaeleza hatua ambazo sisi tunamshauri kila mlaji azifuate, tangu kulipima gari alilonalo hadi kulitoa katika jina lake.

Anza na gari ulilonalo

Kabla ya kwenda yadi au kumpigia simu dalali, chukua daftari. Andika fedha zote ulizolitumia gari lako katika miezi 12 iliyopita: mafuta, oili, matairi, vipuri, ufundi, na nauli uliyolipa siku lilipokuwa gereji. Andika pia kilomita ulizotembea. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na gari ni mali inayoisha kila siku.

Daftari hilo litakujibu swali la kwanza, yaani kama kuna haja ya kubadilisha. Tuchukue mfano. Gari lako linatumia lita 12 kwa kila kilomita 100, nawe unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari unalolitamani linatumia lita 8 kwa umbali huohuo. Utaokoa lita 40 kwa mwezi. Tukikadiria lita moja kuwa shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 120,000 kwa mwezi, au shilingi 1,440,000 kwa mwaka. Ikiwa baada ya kuuza gari la zamani utalazimika kuongeza shilingi milioni 10, itakuchukua karibu miaka saba kuzirejesha kwa mafuta pekee. Basi mafuta peke yake si sababu ya kutosha. Fanya hesabu hiyo kwa tarakimu zako mwenyewe, ukitumia bei elekezi za mafuta zinazotangazwa na EWURA kila mwezi.

Matengenezo nayo yapimwe kwa aina yake. Breki, matairi, betri na shokapu ni vitu vinavyoisha katika kila gari, hata jipya, na kuvibadilisha hakumaanishi kwamba gari limekufa. Lakini chesisi iliyoliwa na kutu, injini inayomeza oili, au giaboksi inayochelewa kushika ni dalili za gharama zisizo na mwisho. Mpe fundi asiye na gari la kuuza alikague gari lako, akuandikie linahitaji nini na kwa kiasi gani. Ikiwa matengenezo yote ya lazima yanakaribia thamani ya gari lenyewe, wakati wa kulibadilisha umefika.

Chagua kwa kazi, si kwa sura

Daftari litakujibu pia swali la pili: unahitaji gari la namna gani? Mtu anayekwenda kazini mjini kila siku na mtu anayepeleka mazao mnadani hawahitaji gari moja. Tazama safari ulizozifanya mwaka mzima, wala usitazame safari moja ya sikukuu. Gari kubwa lililonunuliwa kwa ajili ya safari moja ya Desemba hunywa mafuta kwa miezi 11 mingine.

Uliza mambo matatu kabla ya kuuliza bei. Je, vipuri vyake vinapatikana katika mji unaoishi, na fundi wako anavifahamu? Je, mwinuko wake kutoka ardhini unaifaa barabara ya kwenu wakati wa masika? Je, giaboksi yake ni ya aina gani? Baadhi ya magari ya kisasa yana giaboksi isiyo na hatua za gia, ijulikanayo kwa jina la CVT. Giaboksi hiyo huhitaji oili yake maalumu, na kuiwekea oili ya kawaida ya giaboksi otomatiki kunaweza kuiharibu. Vivyo hivyo, gari linalotumia mafuta na umeme kwa pamoja hupunguza mafuta mjini, lakini betri yake kubwa ikichoka kuibadilisha ni gharama nzito. Mwuzaji athibitishe hali ya betri hiyo kwa kipimo.

Bei ya mtandaoni si bei ya gari

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini hutoka Japani, kwa kuwa huko nako huendeshwa upande wa kushoto na usukani uko kulia. Mlaji anayeagiza huvutiwa na bei anayoiona mtandaoni. Bei hiyo ni mwanzo tu. Juu yake kuna usafiri wa meli na bima ya safari, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa unaopanda kadiri ujazo wa injini unavyoongezeka, Kodi ya Ongezeko la Thamani, gharama za bandarini, malipo ya wakala wa forodha, na usajili. Gari lenye umri wa miaka minane au zaidi huongezewa ushuru kwa sababu ya uchakavu. Kwa hiyo gari kuukuu lenye bei ndogo huko linakotoka laweza kugharimu zaidi ya gari jipya kidogo likishafika mikononi mwako.

Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika katika tovuti yake. Kitumie kabla ya kutuma hata shilingi moja, ukijaza aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa na ujazo wa injini. Fahamu pia kwamba kodi inaweza kukokotolewa kwa thamani inayokadiriwa na Mamlaka, wala si kwa bei uliyolipa wewe.

Omba hati mbili kutoka kwa mwuzaji wa Japani. Ya kwanza ni karatasi ya mnada, ambamo wakaguzi huliwekea gari daraja na kuonyesha mikwaruzo, kutu na sehemu zilizobadilishwa. Herufi R mahali pa daraja huashiria gari lililowahi kutengenezwa baada ya kuumia. Ya pili ni cheti cha kufutiwa usajili kwa ajili ya kuuzwa nje. Japani hulazimisha gari dogo la binafsi likaguliwe kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kilomita huandikwa katika ukaguzi huo. Linganisha kilomita za hati na zile za dashibodi.

Namba, umri na kilomita

Anayenunua gari lililokwisha kusajiliwa hapa nchini husikia mara nyingi sifa ya namba: gari ni namba D, au namba E. Herufi hiyo hueleza gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haielezi lilitengenezwa lini. Gari la namba mpya laweza kuwa na umri wa miaka 15. Mwaka wa kutengenezwa usome katika kadi ya usajili.

Kilomita nazo zipimwe kwa akili. Gari la miaka 12 lenye kilomita 48,000 limetembea wastani wa kilomita 4,000 kwa mwaka, yaani takriban kilomita 11 kwa siku. Jambo hilo linawezekana, lakini linahitaji ushahidi. Tazama mpira wa pedali, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Vitu hivyo vikiwa vimelika sana ilhali dashibodi inaonyesha kilomita chache, zungumza na mwuzaji mwingine.

Kagua mchana, injini ikiwa baridi

Usikague gari usiku, wala mvua ikinyesha, kwa maana maji huficha mikwaruzo na tofauti za rangi. Mwombe mwuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka na kelele za mwanzo.

Fungua mfuniko wa oili. Ukiona utando wenye rangi ya chai ya maziwa, yawezekana maji yameingia katika oili. Washa injini, umwache mwenzako akanyage mafuta, nawe utazame bomba la moshi. Moshi wa buluu huashiria oili inayoungua. Moshi mweusi huashiria mafuta yanayozidi. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto huashiria maji yanayoingia ndani ya injini. Mvuke mwepesi wa asubuhi usikutishe.

Inua zulia na mpira wa sakafu. Matope makavu, harufu ya ukungu, au kutu kwenye reli za viti huweza kuwa alama za gari lililowahi kuzama kwenye mafuriko. Gari la namna hiyo laweza kusumbua mfumo wa umeme kwa miaka. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri laweza kuwa limezeeka na mpira wake kukauka.

Mwisho, liendeshe mwenyewe, kwenye lami na kwenye barabara mbovu. Sikiliza, funga breki, kata kona zote mbili, panda mlima. Kisha lipeleke kwa fundi uliyemchagua wewe. Malipo ya fundi kwa ukaguzi wa saa moja ni madogo yakilinganishwa na bei ya injini. Mwuzaji akikataa gari lisikaguliwe, amekwisha kukujibu.

Hati kabla ya fedha

Soma namba ya chesisi kwenye chuma cha gari lenyewe, uilinganishe na kadi. Fanya hivyo pia kwa namba ya injini. Jina lililo katika kadi liwe la mtu anayekuuzia, aliye mbele yako na kitambulisho chake. Akiwa wakala, adai na kukuonyesha idhini ya maandishi. Dai kadi halisi. Kivuli pekee chaweza kumaanisha kwamba kadi halisi imewekwa dhamana kwa mkopo. Thibitisha umiliki TRA, ulizia faini za barabarani zinazodaiwa kwa namba hiyo, na hakiki stika ya bima. Bima ni mkataba wa mmiliki wa awali na kampuni yake, hivyo usidhani kwamba inakulinda wewe. Hakikisha una bima yako, angalau bima ndogo inayolazimishwa na sheria, kabla ya kuliingiza gari barabarani.

Andikeni mkataba unaotaja namba ya usajili, namba ya chesisi, kilomita, bei, na kila ahadi iliyotolewa. Maneno kama "injini haijawahi kufunguliwa" yana nguvu yakiwa yameandikwa na kutiwa saini. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, kama vile benki.

Gari la zamani lisikufuate

Wengi hukumbuka kuhamisha umiliki wa gari wanalonunua, wakasahau lile wanalouza. Hukabidhi funguo na kadi, hupokea fedha, wakaagana kwa kuaminiana. Miezi ikapita, faini zikaendelea kuandikwa kwa namba iliyo katika jina lao. Likitokea ajali au uhalifu, wa kwanza kutafutwa ni yule ambaye jina lake limo katika kumbukumbu. Kamilisheni uhamisho TRA pamoja na mnunuzi, mlipe kodi na ada zinazohusika, nawe utunze nakala ya mkataba na kitambulisho chake. Uuzaji haujakwisha mpaka jina lako litoke.

Ukikosewa

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo inamlinda mnunuzi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hiyo. Hata hivyo, kama ulikagua gari, kasoro ambayo ukaguzi wako ungepaswa kuigundua ni vigumu kuidai baadaye. Ndiyo sababu tunasisitiza ukaguzi wa kweli. Kutembea kulizunguka gari na kupiga matairi teke hakutoshi.

Ukigundua udanganyifu, acha kulitengeneza gari kwanza. Mwandikie mwuzaji mara moja ukieleza kasoro, weka picha na taarifa ya fundi, kisha peleka malalamiko ukiwa na mkataba na risiti. Mlaji mwenye karatasi husikilizwa mapema kuliko mwenye maelezo matupu.

Hakuna gari lililotumika lisilo na kasoro, nasi hatumshauri mtu yeyote alitafute. Tafuta gari ambalo kasoro zake umeziona, umezipigia hesabu na unazimudu. Lile daftari ulilolianza kwa gari la zamani, lihamishie kwa hili jipya tangu siku ya kwanza. Siku utakapotaka kuliuza, ndilo litakalomwonyesha mnunuzi jinsi ulivyolitunza.