Namba ya Ugonjwa Kwenye Fomu ya Bima: Kamati ya Parokia Iangalie Nini

Zahanati ya kanisa katika ukanda wetu wa Bagamoyo hupata fedha kwa njia tatu: mgonjwa anayelipa taslimu, msaada wa wafadhili, na bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa serikali, ambao huchangiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu mtumishi na nusu mwajiri. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Maana yake ni kwamba sehemu ya fedha inayopitia kwenye fomu za madai inazidi kukua, na wajumbe wa kamati wanapaswa kuelewa fomu hizo zinavyofanya kazi.

Kwenye kila fomu kuna mahali pa kuandika namba ya ugonjwa. Namba hizi zinatoka katika orodha ya Shirika la Afya Duniani iitwayo ICD. Katika toleo la 10, kwa mfano, I10 ni shinikizo la damu, J18 ni nimonia, B54 ni malaria isiyotajwa aina ya kimelea, na R50 ni homa isiyojulikana chanzo. Mhakiki wa madai hakumwona mgonjwa. Anachosoma ni namba, vipimo na dawa, na anauliza kama vitatu hivyo vinaafikiana.

Tuseme mama kutoka Kaole amemleta mtoto mwenye homa. Tabibu anampima kwa kipimo cha haraka, hakuna vimelea vya malaria. Anahesabu pumzi, anasikiliza kifua, anaona ni nimonia, anaandika amoksilini. Mtoto anatibiwa vizuri. Lakini fomu inajazwa jioni na mtu mwingine aliyechoka, naye kwa mazoea anaandika B54. Sasa namba inasema malaria, kipimo kinakataa, na dawa ni ya nimonia. Madai yanakatwa. Dawa imeshatoka kabatini na haitarudishiwa fedha. Hapo hakuna aliyeiba, ila zahanati imepoteza. Fomu za namna hiyo zikiwa nyingi kwa mwezi, ndipo mnasikia kwamba dawa zimekwisha na mchango wa dharura unatangazwa kanisani.

Kuna kosa la pili, nalo ni zito zaidi: kuandika kwa makusudi ugonjwa mkubwa ili malipo yaongezeke. Huo ni udanganyifu, hata kama fedha zingenunua dawa za maskini. Kituo kinaweza kufutiwa mkataba, na wanachama wa jirani wakabaki bila huduma.

Hasara haiishii kwenye fedha. Ikiwa kosa lile lile limeingia katika Kitabu Na. 5 cha MTUHA, kile cha wagonjwa wa nje, linakwenda halmashauri na kuingia katika mfumo wa DHIS2. Takwimu zitaonyesha malaria pasipo malaria. Bagamoyo ilikuwa mojawapo ya vituo 11 barani Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Ingekuwa ajabu hapa hapa tukaendelea kuita kila homa malaria.

Kamati ifanye nini? Isianze kwa kusoma fomu za wagonjwa. Hizo ni siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda. Iombe karatasi moja kila mwezi isiyo na majina: tumedai kiasi gani, tumelipwa kiasi gani, kimekatwa kiasi gani, na kwa sababu ipi. Sababu ndiyo yenye faida. Saini ya mgonjwa ikikosekana, shida iko mapokezi. Namba isipoafikiana na kipimo, shida iko chumba cha tabibu. Dawa isiyoruhusiwa kwa ngazi ya zahanati, mganga mfawidhi apitie orodha upya.

Jambo jingine ni kutenganisha kazi. Aandikaye namba awe tabibu mwenyewe, wakati mgonjwa bado yuko mbele yake, na fomu ikaguliwe na mtu mwingine kabla ya kutumwa. Katika zahanati yenye watumishi watatu hili ni gumu, tunakiri. Hata hivyo, kukagua fomu kumi kila Ijumaa dhidi ya daftari la maabara kunawezekana.

Kwa wafadhili wetu: kompyuta inapokelewa kwa shukrani, lakini haijui kama mtoto ana kichomi. Toleo la 11 la orodha lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na kila nchi inahamia kwa wakati wake, hivyo semina ya mara moja haitoshi. Nauli na posho ya siku mbili za mafunzo kila mwaka ni ombi dogo ambalo mara nyingi husahaulika kwenye bajeti. Na ile karatasi ya namba kumi iliyobandikwa ukutani ibadilishwe: tabibu mwenye haraka huchagua iliyo juu kabisa.