Je, Wajua? Bendi ya Jabali, Mganga na Pepo Mtoto

Je, wajua kwamba mpiga piano Herbie Hancock, mzaliwa wa Chicago, alikuwa na jina la Kiswahili? Aliitwa Mwandishi, na mwaka 1971 akatoa albamu yenye jina hilohilo. Ngoja kwanza, bendi nzima ilikuwa na majina! Buster Williams wa besi aliitwa Mchezaji, na Billy Hart wa dramu akawa Jabali. Eddie Henderson wa tarumbeta, ambaye alikuwa amesomea udaktari hasa, wakamwita Mganga. Na Julian Priester, mpuliza tromboni? Pepo Mtoto! Si utani, yamo kwenye orodha ya wapigaji wa albamu hiyo.

Unataka kujua nani aliyewagawia majina hayo? Ni James Mtume, kijana wa Philadelphia aliyepiga ngoma na Miles Davis. Mwaka 1983 bendi yake, iliyoitwa Mtume basi, ilivuma kwa wimbo wa "Juicy Fruit". Mwaka 1994 mdundo wake ukachukuliwa na rapa Notorious B.I.G. kwenye "Juicy". Leo ukiusikia wimbo huo kwenye daladala au matatu, mwambie jirani yako kazi hiyo ina mkono wa Mtume.

Turudi nyuma kidogo, hadi Novemba 1960. Mpiga piano Randy Weston anarekodi albamu ya "Uhuru Afrika" jijini New York, mshairi Langston Hughes ameandika maneno, na kwenye maikrofoni yupo Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, anazungumza Kiswahili. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru! Mwaka 1964 serikali ya makaburu ikaipiga marufuku albamu hiyo Afrika Kusini.

Na mwimbaji wa huko, Miriam Makeba, je? Alikuwa na umri wa siku 18 tu alipoingia jela, mgongoni mwa mama yake aliyefungwa miezi sita kwa kosa la kupika pombe ya kienyeji. Mwaka 1966 mtoto huyohuyo alitwaa tuzo ya Grammy pamoja na Harry Belafonte. Sasa sikia hili: kwenye albamu iliyoshinda, umo wimbo wa "Malaika". Ndiyo, huuhuu wetu wa harusini.

Sauti ya mwanamke inayofungua wimbo wa "Liberian Girl" wa Michael Jackson, wa mwaka 1987, inasema Kiswahili. Ni Letta Mbulu, binti wa Soweto. Ulikuwa umelinasa hilo?

Na Baba Yetu, ile sala unayoijua tangu utotoni, imo kwenye gemu ya kompyuta! Christopher Tin, Mmarekani, aliitungia muziki kwa ajili ya Civilization IV mwaka 2005, kisha ikarekodiwa upya na Soweto Gospel Choir. Mwaka 2011 ikawa muziki wa kwanza wa gemu kupata Grammy.

Sasa vuka maji nami hadi Zanzibar, maana kisiwa hiki ni cha ajabu. Freddie Mercury wa Queen alizaliwa pale mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Miaka miwili baadaye, 1948, akazaliwa Abdulrazak Gurnah, aliyetwaa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka 1954 akazaliwa Lubaina Himid, mchoraji ambaye mwaka 2017 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Turner, tuzo kubwa ya sanaa Uingereza. Alikuwa na miaka 63, na sharti la kutozidi miaka 50 lilikuwa limeondolewa mwaka huohuo! Hebu hesabu: miaka minane, kisiwa kimoja, watu watatu wa namna hiyo.

Na kabla yao wote alikuwapo Siti binti Saad wa Fumba, muuza vyungu. Mwaka 1928 alipanda meli hadi Bombay na kurekodi santuri za taarabu, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Maisha yake yaliandikwa na nani? Shaaban Robert mwenyewe.

Na mwandishi wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliandika riwaya nzima kwenye karatasi za chooni. Alikuwa kizuizini katika gereza la Kamiti, mwaka 1978, na karatasi za gereza zilikuwa ngumu za kukwaruza, kwa hiyo zilishika wino vizuri ajabu! Riwaya hiyo ya Kikuyu tunaisoma kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani.

Umewahi kusikia kuhusu Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York? Ukuta wake wa mbele una vishubaka vinne vya kuwekea sanamu, na tangu mwaka 1902 vilikaa vitupu. Miaka 117, hakuna kitu! Aliyevijaza mwaka 2019 ni Wangechi Mutu wa Nairobi. Aliketisha humo wanawake wanne wa shaba, wamenyooka kama malkia, na vichwani mwao visahani vilivyong'arishwa hadi vikarudisha mwanga wa jua barabarani.

Eduardo Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango. Mwaka 1972 akafariki. Miaka minne tu, na leo mtindo mzima wa uchoraji unabeba jina lake!

Mwaka 2006 Nigeria ilitoa filamu 872. Marekani? 485. UNESCO ndio waliohesabu.

Francis Kéré wa Burkina Faso alipata Pritzker mwaka 2022, tuzo kuu ya usanifu majengo, Mwafrika wa kwanza. Kwa maktaba ya kijijini kwao Gando, wanawake walileta vyungu vya nyumbani. Vikakatwa juu na chini, vikapangwa darini, na sasa mwanga na hewa vinapitia humo.

Vyungu tena! Ukipata noti ya naira 20 ya Nigeria, igeuze: yupo mfinyanzi Ladi Kwali na chungu chake. Katika miaka ya 1970, kwenye karakana ya Abuja alikofanya kazi Ladi, alifika msichana wa Kikenya kujifunza ufinyanzi, Magdalene Odundo. Leo vyungu vya Odundo vimo kwenye makumbusho makubwa ya dunia, na kila kimoja hukifinyanga kwa mkono, bila gurudumu.